Pikseli Moja Baridi

Saa nne u nusu asubuhi setilaiti inapita juu ya Engikaret
na haina habari na sisi.
Inazipima nyasi za Oktoba kama muuguzi wa zamu
anavyompima mtoto kwa nyuma ya kiganja:
nyekundu, nyekundu, nyekundu,
halafu, kusini kidogo mwa josho,
doa la buluu, kama uwanja wa mpira.

Mara tatu nimelifuta nikidhani kosa.
Mara tatu likarudi.

Nifafanue, maana hata mke wangu aliuliza
mshahara huu hasa ni wa kupima nini.
Jua likiangukia nyika, joto lake hugawanywa kama mirathi.
Fungu moja huzama udongoni likalala.
Fungu la pili hupanda na upepo, mikono mitupu;
ndilo linalosokota chamchela,
ndilo linalomwaga mazigazi barabara ya Namanga.
La tatu huchukuliwa na maji,
yakiwapo,
yakitoka kimyakimya kwenye jani.
Penye maji ardhi hutoka jasho, ikapoa.
Pasipo maji huungua na homa yake.
Mvuke wenyewe hatuuoni.
Tunaujua kwa ubaridi uliouacha,
kama mtu anavyopapasa kitanda usiku
akajua mwenzake ameondoka.

Dokta Mshiu wa Tengeru anataka hesabu ifunge.
Kila mwezi tunajumlisha mafungu yote matatu,
kila mwezi hayafikii jua lililoingia.
Sehemu moja kwa tano haipo.
"Kuna mtu anakula hapa," husema, na hucheka peke yake.

Basi nikaenda. Pikipiki hadi kwenye mnara wetu
(waya wa kipimaunyevu, fisi ameutafuna),
kisha kwa miguu, kipimajoto mkononi
kama bastola ya mtoto.
Udongo mtupu: hamsini na nne.
Nyasi kavu: arobaini na saba.
Soli ya kiatu ikaanza kunuka gundi.
Ishirini na tisa.

Nikasimama.
Nyasi mbichi zilinifika magotini,
na ndama saba, mbavu hazihesabiki,
wakaniinulia vichwa.
Chini ya mawe, bomba la mradi lilikuwa na tundu,
na tundu limefungwa kipande cha shuka nyekundu,
fundo la mkono unaojua mafundo,
si kuliziba. Kulinyamazisha.

Nemburis hakukimbia.
Aliuliza tu, "Nani amekwambia?"
Nikanyoosha kidole juu.
Akatazama, akatazama tena,
anga nyeupe kwa joto, hata tai hamna.
"Mungu hajawahi kunichongea kwa kamati ya maji."
"Si Mungu. Ni mtambo."
"Unarudi lini?"
"Baada ya siku kumi na sita."
Akahesabu kwa vidole, akawatazama ndama.
"Mvua itautangulia," akasema,
na sikujua kama ananiomba au ananiahidi.

Kwenye mwisho wa bomba hilo
kuna wanawake wanaoamka saa tisa usiku kupanga ndoo.
Nawajua. Nilipima na huko.
Ndoo tupu haina rangi yake kwenye picha;
ni nyekundu tu, kama pengine pote.

Usiku ule, Njiro, nikaifungua picha.
Kuna orodha ya vitu visivyoingia kwenye hesabu:
kivuli, moshi, wingu.
Siku ile, kutoka Longido mpaka Meru,
anga lilikuwa limefagiliwa.
Nikabofya wingu.

Leo Dokta Mshiu amepiga simu.
Hesabu, anasema, imezidi kutofunga.
Nimemwambia tusubiri picha ijayo.